Upepo wa Baiskeli ya Venansi

Alhamisi, 5 Septemba 2024. Gitega.
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utalala lini. Basi niandike maovu yangu wakati mkono ungali unatii. Naanza na la leo, maana bado ni bichi.

Nimetoa upepo kwenye baiskeli ya Venansi.

Venansi ni rafiki yangu. Mkulima wa Nyarusange, alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Kila Alhamisi huleta maparachichi sokoni, kisha hupita kwangu tucheze drafti. Saa tisa huinuka. Husema njia ni mbaya na giza halina macho. Akishaondoka, hakuna wa kuniita jina hadi Alhamisi nyingine.

Leo alipokwenda msalani nililegeza valvu ya nyuma. Kidogo tu. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Tairi laini likigonga jiwe, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu, hupasuka. Hakuna msumari. Hakuna ushahidi.

Jioni alirudi akisukuma baiskeli. Amelala kwangu. Anakoroma. Sauti nzuri sana ndani ya nyumba.

Ijumaa, 6 Septemba
Asubuhi Venansi aliuzamisha mpira kwenye beseni la maji. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka. Akatafuta mwiba ndani ya tairi, hakuuona. Jirani yangu Fatouma akaja kuchungulia. Fatouma huja kila palipo na jambo, isipokuwa ugonjwa wangu. Akatoa hukumu: "Mzee Venansi, hiyo haiko mwiba. Iko mutu anakuchukia."

Nilikohoa. Venansi akacheka, akamwambia kwamba hapa Gitega yeye hana adui, ana Mwalimu tu.

Alhamisi, 12 Septemba
Venansi amekuja na pampu. Ameifunga kwenye fremu kwa kamba ya mpira. Wapanda baiskeli wenzake wamempa somo: jaza upepo mpaka dole gumba lishindwe kubonyeza tairi, na ukifika kwenye mawe inua makalio, usikae kwenye tandiko kama gunia la chumvi. Akanionyesha uani. Mtu wa umri wake, amesimama juu ya pedali kama jogoo juu ya ua! Nikapiga makofi. Moyoni nilikuwa nimenuna.

Alijaza upepo mwenyewe na hakuiacha baiskeli hata kidogo. Valvu haikufikika. Nikageukia uzito. Nikamzawadia jiwe la kusagia la marehemu mke wangu, Salama. Nikamwambia Salama angependa liende kwake. Alilifunga kwenye keria machozi yakimlengalenga.

Amerudi kabla ya magharibi. Matundu mawili. Kasema aliinua makalio vizuri sana, ila jiwe halina desturi ya kuinuka.

Tumekula pamoja. Salama, unisamehe.

Jumamosi, 14 Septemba
Venansi amepiga simu. Habari mbaya. Binti yake, Upendo, aliyeolewa Muyinga, amesikia habari za pancha. Amesema baba akikwama njiani mara moja tena, anakuja kumchukua akae kwake, na hatamrudisha.

Nilimwambia Venansi kwamba watoto wa siku hizi wana amri nyingi. Kisha akasema labda binti ana haki. Alisema: "Barabara ni ileile, Mwalimu. Mimi ndiye niliyelegea."

Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Badala yake nikamwambia salio langu linakwisha. Yeye ndiye aliyepiga.

Muyinga ni mbali. Mtu mwenye moyo kama wangu hafiki.

Alhamisi, 19 Septemba
Leo nimetenda wema. Naomba uandikwe mahali.

Venansi aliposinzia baada ya chakula, nilichukua pampu yake nikajaza upepo kwa mikono yangu. Tairi gumu halibanwi. Nilijaza mpaka dole gumba likashindwa. Nikaongeza kwa ajili ya Upendo. Nikaketi, nikahema, nikaongeza tena kwa ajili yangu. Kisha nikaiegemeza baiskeli ukutani, kwenye jua, ili aione vizuri akiamka.

Hewa ikipata joto hutanuka. Niliwafundisha watoto hivyo kila mwaka, na waliokosea niliwapa sifuri.

Mlipuko ulimwamsha Venansi. Ng'ambo ya ua, Fatouma alikuwa kifudifudi juu ya maharagwe aliyokuwa ameyaanika, akiuliza ni nani wanapiga risasi. Tairi limepasuka ubavuni, mwanya wa kupitisha mkono.

Venansi aliliangalia. Nilifungua mdomo. Yeye akatangulia. Alisema baiskeli imemkataa, na mtu akikataliwa aondoke kwa heshima. Alimpigia Upendo mbele yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Drafti hatukumaliza.

Jumatatu, 23 Septemba
Upendo amekuja na gari la kukodi. Kahangaika siku mbili kupata petroli. Wamepita kuniaga. Gari liko mlangoni, godoro la Venansi limefungwa juu yake, kuku wawili ndani ya tenga.

Binti ana adabu. Kanipa shikamoo kwa mikono miwili, kasema nikipata nafuu nami niende Muyinga, chumba kipo. Nikamshukuru. Sote tulijua sitafika.

Nilimshika Venansi mkono. Nikamwambia kuna jambo lazima niliungame kabla sijafa, na linamhusu yeye. Akasema analijua. Akasema hata yeye atanikumbuka sana. Akanikumbatia, bega langu likalowa. Baada ya hapo mtu anaanzia wapi kuzungumzia valvu?

Sasa wako ndani wanakunywa chai. Fatouma anawaeleza magonjwa yangu, kumbe anayajua yote. Upendo anasema wamalize upesi, safari ni ndefu na hataki kulala njiani. Dereva amesinzia kwenye kiti chake, kofia usoni. Mimi nimewaambia natoka kupunga upepo. Naandika haya barazani, njiti ya kiberiti nyuma ya sikio, nyembamba ya kuingia kwenye tundu la valvu.

Gari lina magurudumu manne. Mimi si mtu wa tamaa. Moja litatosha.