Nguruwe Wangu Wenye Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe katangaza wakati wa chai: anataka msimamizi wa mabanda ya nguruwe. Magoti yamemchosha, hawezi tena kuzunguka na ndoo. Ama mimi, ama shemeji, yaani kaka wa mke wangu. Kila mmoja kapewa banda lake. Atakayetunza vizuri ndiye atashika funguo. Funguo! Tangu nioe naishi nyumba hii na sijawahi kukabidhiwa hata ufunguo wa choo.

Shemeji kacheka puani. Kasema yeye kakulia na nguruwe. Nikamwambia inaonekana. Mama mkwe hakupenda.

Banda langu ni fujo tupu. Wanasukumana horini kama ndugu kwenye mirathi. Mkubwa wao nimempa jina la Mwenyekiti: anakula wa kwanza, anakojoa katikati, na hakuna anayehoji.

Nimepata wazo. Shemeji atahangaika kuwanenepesha wake. Mimi nitawafundisha adabu! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yao yuko banda la tatu, kajilalia, hana habari nao. Ulimwengu ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza: kupanga foleni. Nikapanda juu ya ndoo nikahutubia. Ndoo ikapinduka. Mwenyekiti akanikanyaga mgongoni akielekea horini. Wengine wakapita hapo hapo, mmoja baada ya mwingine. Kwa foleni! Maendeleo.

Mke wangu kapita na toroli. Kasema sakafu imelowa chapachapa, upepo unaingia kwenye tundu la ukuta, na nguruwe hafundishwi adabu, anatandikiwa nyasi kavu. Nikamjibu kwamba kiongozi hashiki sepetu. Kanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye buti, kisha akarudi juu. Kwa mke wangu, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 6 Machi

MUUJIZA. Mwenyekiti katulia! Kajilaza kwenye kona peke yake, pua ukutani, kama mtu anayetafakari maisha yake. Nilipomwaga pumba hakumsukuma yeyote. Hakuja kabisa! Kawaachia wadogo. Nilitaka kulia.

Mke wangu kauliza kama amekula. Nikasema anakula kwa kiasi. Kauliza kiasi gani. Nikasema kiasi cha kutokula.

Banda la shemeji ni aibu. Wanakimbizana, wanarushiana nyasi, wanagombea kipande cha kamba kuukuu, kelele mpaka barabarani. Nikamhurumia. Nikamwambia, shem, usijali, malezi si kazi ya kila mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Adabu imeenea! Karibu banda zima limelala. Hakuna anayemnusa mwenzake, hakuna anayecheza. Kimya kama darasa mwalimu mkuu anapoingia. Baadhi wanakohoa, lakini kwa staha.

Mkorofi amebaki mmoja, mwembamba anayechechemea. Kila anayemkaribia anang'atwa. Nimemkemea kama mara kumi. Halafu wadogo wakamtafuna Mwenyekiti mkia mpaka damu ikatoka, na wala hakugeuka! Uvumilivu huo sijauona hata kwa binadamu.

Nikawaalika muuza pumba na fundi cherehani wa jirani waje kushuhudia. Muuza pumba alibaki mlangoni. Fundi akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini walikufa lini.

Wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesalitiwa na mke wangu mwenyewe. Kamwita daktari wa mifugo bila kunishauri!

Daktari ni mwanamama mfupi asiye na maneno mengi. Kaingia bandani, kamsikiliza Mwenyekiti kifua, kamweka kipimajoto mahali ambapo sitaandika. Kisha akauliza kwa upole nani anatunza banda hili. Shemeji akaninyooshea kidole kabla sijafikiria jina la mtu mwingine.

"Wametulia hivi tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, daktari," nikasema, kifua mbele. "Nimewafunza mwenyewe."

"Hii si adabu, baba. Hii ni homa."

Akaeleza, na kila neno lilinipunguza urefu. Kwamba nguruwe mzima ana makelele. Anacheza, anawanusa wenzake, anadai nafasi yake. Akiugua anajitenga, hana hata nguvu ya kusalimiana, na wenzake wakimwona dhaifu wanamwonea, wanaanza na mkia. Na yule mwembamba si mkorofi: mguu umevimba, anang'ata ili asiguswe. Sakafu ya maji na upepo wa ukutani ndivyo vilivyowashika mapafu. Wengi watapona. Kuhusu huyu mkubwa, akasema, hawezi kuahidi.

Mama mkwe akakaa chini. Akakalia toroli lenye samadi, na hakujali. Kumbe Mwenyekiti alilelewa naye kwa chupa, jikoni, mama yake alipomkataa. Sikujua. Naam, niliwahi kuambiwa, lakini sikuwa nasikiliza.

"Mficha maradhi," akasema, bila kunitazama, "kifo humuumbua."

Nikataka kusema kwamba sikuficha, nilitangaza mpaka kwa fundi cherehani.

Kila nguruwe kapigwa sindano. Mimi nimeshika sepetu. Nimezoa mpaka viganja vikafanya malengelenge. Shemeji kaziba tundu la ukuta na hakunicheka hata kidogo, jambo lililoniuma kuliko kicheko. Mwenyekiti kahamishiwa chumba cha kando chenye nyasi kavu, pamoja na mwenzake mmoja mpole wa kumlalia ubavuni, maana daktari kasema mgonjwa asibaki mpweke.

Nikamlisha uji kwa kijiko. Akaulamba kidogo, akauacha. Kisha akaweka pua yake juu ya buti langu. Nzito. Ya moto. Nikamwomba anisukume. Hata kidogo tu. Anikanyage akitaka.

Hakufanya hivyo.

Jumanne, 11 Machi

KANING'ATA!

Asubuhi nimeingia na uji, nikamkuta kasimama. Kamaliza uji, kamaliza na kijiko (cha mbao), kisha akashika suruali yangu, ile pekee isiyo na kiraka, akaipasua mpaka kwenye paja. Nikamkumbatia. Akanitupa chini. Raha iliyoje!

Banda zima ni vurugu. Wanakimbizana, wanapiga kelele, yule mwembamba kalala katikati ya wenzake na hamng'ati mtu. Mama mkwe kaja kuangalia, akaniona sakafuni na suruali yangu ilivyo, akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu kacheka pia. Nikaona huu ndio wakati. Nikasimama wima, nikashikilia suruali kwa mkono mmoja.

Mama mkwe kamtaja msimamizi: mke wangu. Kasema kati yetu sote ndiye aliyewatazama nguruwe, sisi wengine tulikuwa tunatazamana. Shemeji kapiga makofi. Mimi nami nimepata cheo. Sepetu ni langu rasmi.

Ijumaa, 14 Machi

Habari njema kupita zote! Shemeji kabadilika.

Kila mlo nimekuwa nikimweleza makosa yake, taratibu, kama mtu mzima. Leo yamemwingia. Kajikunja kwenye kochi, blanketi hadi masikioni, uso ukutani. Nikamwambia banda lake lilisalimika kwa bahati tu. Hakubisha! Mchana kaniachia nyama yake. Mtu ambaye hajawahi kuniachia hata mfupa! Heshima imemkolea mpaka anatetemeka.

Nilikuwa ndio naanza somo la kuwasikiliza mashemeji, mke wangu akaingia, akamshika paji la uso, akaniangalia kwa namna nisiyoielewa, akamkokota hadi zahanati. Mwanamke huyu hataki kabisa nifanikiwe.

Lakini sijakata tamaa. Mama mkwe naye anapiga chafya tangu asubuhi, na hajanigombeza hata mara moja. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Huyu kakauka kidogo, lakini kesho naanza naye.