Roboti Mwenye Heshima Zake

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mwalimu mkuu katangaza: Ijumaa afisa wa wilaya anakuja kuona tunavyofundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Atakayefundisha vizuri anapelekwa mafunzoni Dodoma. Dodoma! Nani mwingine kama si mimi? Kompyuta zenyewe hazijafika shuleni kwetu Kasulu, lakini hilo ni dogo kwa msomi.

Mpinzani wangu ni Madam Pelagia wa darasa la nne. Kamvika mwanafunzi wake Jordan boksi la sabuni, eti roboti. Wenzake wanamwamuru: nenda mbele, geuka kulia, simama. Asipoambiwa simama, hasimami. Eti ndivyo kompyuta inavyotii maagizo. Upuuzi mtupu! Darasa langu la tano linakariri maana ya programu kwa sauti moja.

Jumatano, 7 Mei
Mwalimu mkuu kachungulia kwangu, kapiga miayo. Kwa Pelagia kakaa nusu kipindi, anacheka. Haya. Na mimi nitakuwa na roboti. Tena si katoto. Roboti ni mimi mwenyewe! Hatungimana muuza friji kanipa boksi.

Alhamisi, 8 Mei
Mazoezi. Arielle kaniambia: Simama! Mimi! Mwalimu wake! Nikavua boksi, nikampeleka kufyeka nyasi. Sheria mpya: kwanza shikamoo mwalimu, niitikie marahaba, kisha tunaomba, ndipo amri. Kwa Pelagia wanamfokea roboti utadhani mbuzi kaingia shambani.

Ijumaa, 9 Mei
Uwanjani, mbele ya afisa. Shikamoo mwalimu! Marahaba. Tunaomba uende mbele. Nikaenda. Matundu ya macho madogo, sioni kitu. Darasa likaanza tena: Shikamoo mwalimu! Marahaba. Tunaomba... Hapo Arielle akapiga ukelele: Simama, mtaro! Bila shikamoo! Mgeni anasikia! Sikumjali, nikakaza mwendo.

Mtaroni kulikuwa na tope la mvua ya juzi. Afisa kacheka mpaka katoa leso. Dodoma anakwenda Pelagia. Imeniuma sana.

Jumapili, 11 Mei
Nimerudi kutoka hospitali Kabanga, bandeji mguuni. Arielle kaja na mama yake, wameleta ndizi mbivu. Kapiga goti, kasema shikamoo, pole mwalimu. Mama anasema mtoto halali, anajilaumu. Nikamjibu ana haki ya kujilaumu. Angeamkia kwanza, ningesimama.

Lakini lile goti limenipa wazo. Kuanzia kesho: goti, shikamoo, marahaba, tunaomba, ndipo amri. Boksi jingine nimeshaagiza.