Uzi Mwekundu Kwenye Leso ya Mama Karisa

Jamani, uso wangu leo nauweka wapi?

Mnajua nafundisha bayolojia hapa Mnarani. Kesho nina somo la jinsi seli inavyojigawa kutengeneza mbegu za uzazi, na wanafunzi wangu hawaelewi kitu mpaka wakione. Basi nikachukua ungo, nikachora duara la unga, hiyo ndiyo seli. Nyuzi nyekundu ni kromosomu za mama, nyeusi za baba. Nikakata vipande vya nyekundu nikavifunga kwenye nyeusi, na vya nyeusi kwenye nyekundu, maana ndivyo zinavyobadilishana kabla ya kuachana. Nikazipaka gundi kidogo zishikane.

Upepo ukapeperusha unga. Nikafunga madirisha. Giza! Nikawasha mshumaa. Nikawasha na udi, kufukuza harufu ya papa wa jana. (Mimi, mzaliwa wa Kilifi, ninayejua ungo na udi vya waganga! Akili zangu zilikuwa wapi?)

Sasa jozi moja ikagoma kuachana. Nikivuta mwekundu, mweusi unafuata. Ni gundi, najua. Lakini chumba kilikuwa kimya mno. Nikaanza kuzisemesha chini chini: "Achaneni. Mama huku, baba kule."

Nyuma yangu mtu akapumua.

Mama wa mchumba wangu, Karisa! Amekuja kuniona kabla ya wazee kuleta posa Jumamosi. Kuku mkononi, macho kwenye ungo.

"Shikamoo, mama! Ni somo tu!"

Akainama, leso yake ikagusa unga. Ile jozi ilikuwa imeangukia upande mmoja. Upande wa pili haukupata kitu.

"Na huyu aliyekosa," akauliza polepole, "atakuwaje?"

Hapo ningenyamaza. Lakini ualimu ni ugonjwa.

"Mara nyingi haishi, mama."

Kuku akaanguka. Mama akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, asinipe mgongo hata mara moja. (Kuku yuko chini ya kitanda. Ananitazama.)

Karisa amepiga simu sasa hivi. "Mama anasema Jumamosi hakuna safari." Nikajieleza: seli, gundi, papa. Akacheka kidogo, nikapata matumaini. Kisha sauti ikashuka.

"Sasa mbona ana uzi mwekundu umeganda kwenye leso, na hautoki?"

Nimerudi kwenye ungo. Mweusi umebaki peke yake.

Basi zimekubali kuachana. Msinicheke, niombeeni mimi na Karisa tusizifuate.