Siagi ya Nyasi Changa

Jumatatu, 8 Januari 1912
Kijiji kizima cha Mkonze hakuna kichwa kama changu. Shule ya misheni nilikaa miezi mitano tu, mwalimu mwenyewe akaniomba niondoke, akili zangu zinamchosha! Leo mjomba Bartolomayo kaja. Anataka kumchukua Mabaka, ng'ombe wake tunayemtunza na kumkamua, ampe binamu yangu Raheli aliye na ng'ombe mmoja tayari. Nikamwambia subiri mjomba, Jumapili tushindane siagi. Itakayomfaa mpishi wa Mjerumani bomani, mwenye nayo abaki na Mabaka. Kakubali. Mama kanikata jicho. Mabaka akienda, wadogo zangu watabaki na ugali kwa mlenda.

Jumatano, 10 Januari
Mvua imeotesha nyasi changa bondeni. Mabaka anafakamia, maziwa yanafurika! Raheli anamlisha wake mabua ya uwele na nyasi kavu za mwaka jana. Nikamwuliza anafuga au anaezeka nyumba. Akasema nyasi changa ni maji matupu, nikamwangalie Mabaka kwa nyuma. Nimemwangalia. Anaharisha. Wivu tu wa Raheli.

Ijumaa, 12 Januari
Nimetikisa kibuyu mpaka mkono umekufa ganzi. Siagi imetoka kiduchu, manjano kama kiini cha yai, laini kama uji. Nikajipenyeza kwa Raheli, nikaiba mzigo wa mabua, nikampa Mabaka. Kala yote. Maziwa ya jioni yaleyale, mepesi! Mabua ya wizi yana uvivu.

Jumapili, 14 Januari
Siagi zimewekwa juani, kila moja kwenye jani lake. Ya Raheli nyeupe, imekaa kitako. Yangu ikateremka taratibu hadi kwenye kanzu mpya ya mjomba. Mjomba akasema nyasi changa huleta maziwa mengi, mafuta haba tena laini. Mafuta magumu yanatoka kwenye majani makavu. Mpishi hawezi kumpelekea Mzungu siagi ya kunywa. Raheli akauliza alete ugali, tuchovye kwenye kanzu?

Jumatatu, 15 Januari
Mabaka kaswagwa alfajiri kwenda kwa Raheli. Kosa ni la jua, nimemweleza mama. Nitaomba mbuzi, nimlishe nyasi changa zaidi, zile za mtoni kabisa. Raheli atalia!
Ila moja limeharibika kweli. Mdogo wangu Loisi kaamka, kachukua kata yake ya kunywea, kaenda kukaa zizini kungoja maziwa. Hakuna aliyemwambia. Nimefika mlangoni pa zizi mara mbili, nikarudi.