Malalamiko Kuhusu Klachi na Goti Langu

Shemeji yangu mheshimiwa,

Yahusu: klachi ngumu ya gari ulilotuzawadia, na dada yako aliyegoma

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo lililonituma kwako.

Ulipostaafu udereva wa malori ukatuzawadia lile gari lako la zamani lenye kitanda, jiko na sinki ndani, nilifurahi kama mtoto. Hukusema kwamba klachi yake ilitengenezwa kwa ajili ya tembo. Sasa mpwa wako amejifungua mtoto wa kwanza, nami nimemwahidi kwa kinywa changu kwamba babu atafika akiendesha mwenyewe. Dada yako naye ametangaza: "Jumamosi naondoka. Kwa gari au kwa basi, na wewe au bila wewe." Kwa hiyo naomba unisikilize.

1. Klachi haiingii. Nimejaribu kwa heshima, nimejaribu kwa matusi. Nilifunga tofali kwenye kiatu; ikaingia, ikakataa kurudi, tukateremka kilima kimya kimya hadi ndani ya wigo wa jirani. Fundi wa gereji aliikanyaga mara moja tu, kisha akaniangalia mimi badala ya gari. "Mzee, hili ni zima. Wewe unajisikiaje?" Nikamwambia nimekuja gereji, sikuja hospitali. Nikaondoka kwa hasira, yaani kwa kusukumwa.

2. Ndipo nikabuni utaratibu. Mimi naweka mguu kwenye pedali na kupiga kelele "Goti!", dada yako analikandamiza goti langu kwa mikono miwili, mimi naingiza gia. Tulikwenda vizuri sana mpaka kwenye taa za barabarani. Pale muuza magazeti akachungulia dirishani: "Mzee, mambo hayo si mngesubiri mfike nyumbani?" Dada yako akaondoa mikono, gari likaruka kama chura likazima, naye akashuka akarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo jibu lake ni moja: "Mimi si jeki."

3. Mke akigoma klachi leo, kesho atagoma nini? Tayari chai najichemshia mwenyewe. Jana nilioneshwa ndoo ya kufulia, nikaambiwa, "Mfahamiane."

4. Hili nimelifuta. Dada yako alikuwa amesimama nyuma yangu.

5. Mke nilimpata kwenu, na gari nimelipata kwenu. Kwa elimu yangu ndogo (niliishia darasa la nne, na hilo lenyewe niliingia kwa kusukumwa) naona hivi: vitu viwili vikitoka mlango mmoja na vyote vikagoma kwa pamoja, kosa ni la mwenye mlango. Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, umwamuru arudi kazini. Ikishindikana, uje mwenyewe na mikono yako, uketi katikati yetu mpaka kwa mjukuu. Ikishindikana hata hilo, njoo uwachukue wote wawili, mke na gari. Ila dada yako umrudishe kabla ya giza, maana nyumba ikiwa kimya sipati usingizi.

Usinicheke, shemeji. Nisipofika nikiwa usukanini, yule mtoto atakua akijua kwamba babu ni kitu cha kubebwa pamoja na mabegi.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo, na yule mbwa wako aliyening'ata. Sina kinyongo naye.

Wako niliyekwama gia ya kwanza,
Shemeji yako

Nyongeza: Samahani mwandiko unacheza. Nimo nyuma, kitandani, na gari linakwenda. Asubuhi hii dada yako alikalia usukani, akakanyaga klachi kwa mguu mmoja, tena kavaa ndala, akasema wewe ulimfundisha kuendesha lori kabla sijamuoa. Nikamuuliza mbona miaka yote hii amekaa kimya. "Hukuuliza. Halafu ulikuwa unafurahia mno kupiga honi." Anabadilisha gia na chai yangu haimwagiki. Klachi haina ugonjwa wowote. Barua hii ningeichana, lakini bahasha nimekwisha kuibandika stempu. Tafadhali usijibu. Akijua nimemshtaki kwako atanishusha papo hapo, na huku tunakopita sioni hata kivuli.