Nyota Mia na Tisa za Hajja Ghita

Jumatatu, 6 Mei

Mzee Mfeddal anastaafu. Nyundo yake, na karakana nzima ya vigae, atamwachia mmoja wetu: mimi au Tihami. Mimi nina miaka kumi na tisa ya kukata vigae hapa Fes. Tihami kumi na mmoja, na akifikiri bado mdomo hubaki wazi.

Mtihani ni ua wa Hajja Ghita. Ulikuwa mraba, dhiraa kumi kila upande. Kabomoa kuta mbili, sasa kila upande una kumi na tatu: kumi za zamani, tatu mpya. Sakafu yote inatandazwa upya. Nyota moja ya vigae hujaza mraba wa dhiraa moja. Mzee akauliza zitahitajika ngapi. Nilijibu kabla hajameza chai. Kumi mara kumi, mia. Tatu mara tatu, tisa. Mia na tisa! Tihami alikuwa bado anachora mavumbini kwa kidole. Kazi nimepewa mimi.

Jumatano, 8 Mei

Tihami kanifuata tanurini, eti zinatakiwa mia moja sitini na tisa. Nikamwambia, ndugu yangu, husuda itakumaliza. Bluu yote lazima itoke kwenye moto mmoja. Ukichoma mara ya pili inakuja bluu nyingine, upende usipende. Nimechoma ya nyota mia na tisa, hakuna cha akiba.

Jumamosi, 11 Mei

Nimetandaza mraba mkubwa, nyota mia. Safi kabisa. Mraba mdogo wa nyota tisa nikauweka kwenye kona mpya. Nikarudi nyuma nijisifu.

Mungu wangu.

Miraba miwili imegusana ncha tu, kama wagomvi waliolazimishwa kupeana mikono. Huku ukanda wa udongo mtupu, kule ukanda mwingine. Nimepima. Kila mmoja kumi kwa tatu. Mapacha! Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Walikuwamo humo muda wote, na mimi nawakanyaga tangu Jumatatu. Thelathini na thelathini, sitini. Machozi yalinilenga, na haikuwa aibu peke yake. Sijawahi kuona kitu kizuri kiasi kile mahali pasipo na kitu.

Mzee alikuja, akatazama, akavua kofia. Akaniambia tu, "Mwanangu Bushta, umewaacha mapacha nje."

Jumatatu, 20 Mei

Moto wa pili umetoa bluu iliyopauka. Nimetandaza hivyo hivyo, nikingoja matusi. Hajja Ghita aliingia akatembea juu ya kanda zote mbili. Kisha akasema dada yake naye atautaka ua wenye kanda mbili za namna hii. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho. Kanipa nafasi ya mwisho: nikiipatia hesabu ya ua wa dada peke yangu, nyundo ni yangu. Nikikosea, ni ya Tihami.

Jumatano, 22 Mei

Ua wa dada ni mdogo. Dhiraa nne kila upande, inaongezwa moja. Mimi sasa ni mtu mwingine, siri nimeiona kwa macho yangu. Nne mara nne, kumi na sita. Moja mara moja, moja. Na mapacha, sitini. Jumla nyota sabini na saba. Nimempelekea Mzee asubuhi, nikiwa nimenawa mikono kwa heshima ya jambo lenyewe.

Tihami kaandika ishirini na tano. Maskini, mapacha kawasahau kabisa.