Zambarau Ataongea kwa Niaba Yangu

Jumatatu, 22 Julai 1996

Babu Zenon ametangaza. Mezani, katikati ya pierogi, vile vitumbua vyetu vya Kipolandi vya kuchemsha, uma umeinuliwa kama fimbo ya askofu. Jumapili hii Padri Wacław anabariki magari kwenye uwanja wa kanisa, kama kila mwaka sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, inapofika. Zambarau, gari la Babu, akiingia pale kwa nguvu zake mwenyewe, bila kuvutwa, na Babu akakaa ndani akaridhika, kadi ya gari inaandikwa jina langu. Asiporidhika, anapewa Lucjan.

Lucjan! Mtoto wa mjomba, fundi wa ekzosi, ana shingo pana na maneno mengi. Tayari ameshasema mbele za watu kwamba akimpata Zambarau atamng'oa injini na kumtia ya kampuni pinzani. Bibi Halina alifanya ishara ya msalaba.

Zambarau ni wa mwaka 1970. Milango miwili, silinda nane, rangi ya tunda lililoiva mpaka linataka kupasuka. Alitoka kiwanda cha hapa hapa Hamtramck, kile kilichobomolewa nikiwa bado nanyonya, ambako Babu alipachika milango nusu ya maisha yake. Kila jioni baada ya chakula Babu huenda bandani, huketi kwenye usukani, hufunga mlango, huinamisha kichwa kidogo, hutikisa kichwa kwa kuridhika, kisha hurudi ndani kunywa chai. Haendi popote. Mazoea ya uzee, nadhani.

Mimi nina sababu zangu. Nimesoma Kipolandi kwa masista na Kiingereza kwa serikali, na ninanyamaza vizuri katika lugha zote mbili. Dukani kwa mkate naonyesha kwa kidole. Lakini nikifumba macho naona Barabara ya Woodward, jua linazama, taa zinawaka moja moja, dirisha liko chini, kiwiko changu nje. Watu waliokuja kutazama magari wameketi kando kwenye viti vyao vya kukunja. Wananiuliza kitu. Sijibu. Nakanyaga mafuta tu, na Zambarau anajibu kwa sauti nene inayotetemesha vioo vya maduka. Ataongea kwa niaba yangu maisha yote.

Ila sauti yake ya sasa ni ya mzee anayesafisha koo. Lazima aboreshwe. Babu amesema wazi nisiguse kitu, nisafishe plagi tu. Babu hajui ninachojua.

Jumanne, 23 Julai

Gulio la vipuri, mjini Warren. Nimempata Orville, mzee kutoka Kentucky mwenye kabureta ya midomo minne pamoja na kitako chake kirefu cha kuifungia juu ya injini, inang'aa kama kikombe cha komunyo. Kabureta yetu ina midomo miwili tu. Hesabu ni rahisi: mara mbili ya midomo, mara mbili ya sauti.

Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akaniuliza kama nimepotea au nimetumwa. Nilionyesha kabureta. Akauliza nina nini. Nilionyesha sanduku nililobeba. Akafungua. Kodiani yangu, kinanda cha kuvuta! Ile aliyoninunulia Bibi ili nipige nyimbo za Krismasi mbele ya wageni na kuzirai. Orville aliivuta mara moja, ikalia kama ng'ombe aliyekanyagwa, macho yake yakalainika.

"Binti," akasema, "hapa mmoja wetu anaibiwa, na sijui ni nani."

Tulipeana mikono. Biashara safi kabisa. Jioni Bibi aliuliza mbona sijafanya mazoezi. Nilimwonyesha kidole chenye bandeji. Kidole hakina kitu.

Jumatano, 24 Julai

Imeingia! Nimefunga kabureta mwenyewe, na mpira mmoja tu wa mafuta umebaki bila kazi. Nimeuficha.

Tatizo dogo. Boneti haifungi. Kitako ni kirefu mno, kabureta imechomoza kama shingo ya bata. Niliikalia boneti. Haikufunga. Nililala juu yake nikitazama mawingu na kuwaza Woodward. Nilipoamka ilikuwa bado haijafunga.

Lucjan alipita kichochoroni, akaegemea mlango wa banda. Aliniuliza kama gari linavua nguo kwa ajili ya joto. Akasema binamu, ukikwama Jumapili usilie, nitakuja na kamba mpya, hata nimekwisha ifunga utepe. Nilitaka kumjibu kitu kikali sana. Kilinijia saa moja baadaye, na kilikuwa kikali kweli.

Suluhisho: boneti imeng'olewa, imeegemezwa ukutani. Magari ya mashindano huenda bila boneti. Lakini kabureta iliyo wazi itameza vumbi, majani na nyuki. Nilitafuta kifuniko chenye tundu la kupitisha hewa. Jikoni nikakiona. Bati la Bibi la kuokea babka, keki yake ya Pasaka! La duara, lina mikunjo kama sketi, lina tundu katikati. Nimeligeuza chini juu, nikalifunga kwa skrubu, nikalipaka rangi ya zambarau. Limekaa kama taji la malkia. Nilikaa kulitazama mpaka nikaitwa kula mara ya tatu.

Alhamisi, 25 Julai

Leo ndiyo sikukuu yenyewe ya Mtakatifu Kristofa. Ishara njema. Mama yuko kazini, Babu yuko kwa kinyozi. Nimemtoa Zambarau bandani mpaka kichochoroni.

Mungu wangu, sauti! Kamba za nguo zilitetemeka. Mbwa wa jirani aliingia ndani ya nyumba kwa hiari yake. Nilikwenda mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, mkono mmoja kwenye usukani, na nilihisi kwamba mtu angeniuliza jina langu pale pale ningemtajia.

Injini ikipata moto, bati linatoa harufu ya siagi na vanila. Kasoro? Sidhani.

Kasoro ni nyingine. Ndani ya mlango wa dereva kuna kitu. Kila ukifunga mlango: tik. Kila ukikata kona: tik, kisha tiki-tik chini huko, kama jino lililolegea. Nimeisikia tangu utotoni na sikuijali. Sasa siwezi kusikia kingine. Msemaji wangu hawezi kusimama mbele za watu na jino linalocheza. Na Babu anakaa ndani Jumapili ili aridhike! Atafunga mlango, atasikia takataka inagongagonga, atampa Lucjan. Ni lazima iondoke.

Ijumaa, 26 Julai

Bibi amekwenda misa ya Mtakatifu Anna. Nimefungua ubao wa ndani wa mlango. Mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye kitasa. Vumbi la miaka. Kisha ncha ya kidole ikagusa kitu baridi.

Medali. Ya Mtakatifu Kristofa, ndogo, nyeusi, imesuguliwa mpaka mtakatifu hana pua wala macho, amebaki mgongo tu na mtoto begani. Labda fundi fulani kiwandani aliiangusha, maskini, na hakujua. Niliishika kiganjani muda. Ilipata joto haraka, kama yai.

Nifanye nini nayo? Kutupa haiwezekani. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi takatakani, hilo hata Lucjan analijua. Kinazikwa, kinachomwa, au kinarudishwa kanisani. Nilikwenda kanisani. Mlangoni kuna lile sanduku la vitu vitakatifu vilivyozeeka: rozari zilizokatika, matawi makavu ya Jumapili ya Matawi, picha za Mama Maria zilizokunjamana. Nikaitumbukiza. Nikasali kidogo kwa ajili ya huyo fundi, popote alipo.

Nimerudisha ubao. Nimefunga mlango. Kimya! Kimya kinene, laini, kama kufunga kitabu kikubwa. Nimeufungua na kuufunga mpaka mkono ukachoka.

Jumamosi, 27 Julai

Mvua. Babu hajakwenda bandani tangu Jumanne, magoti yanamuuma. Bora. Atakutana na maajabu yote kwa pamoja.

Bibi anatafuta bati lake la babka. Amefungua makabati yote. Nimemsaidia kutafuta, kwa bidii kubwa, katika vyumba ambavyo halimo.

Jumapili, 28 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze na ushindi. Aliingia! Kwa nguvu zake! Nilimwingiza kwenye uwanja wa kanisa, boneti hana, taji kichwani, ananguruma mpaka njiwa wakahama mnara. Watu wote waligeuka. Nilitazama mbele tu, masikio yanawaka. Lucjan alikuwa ameegemea gari lake, kamba yenye utepe begani. Uso wake ulinilipa wiki nzima.

Padri Wacław alipita akigawa kwa kila dereva medali kutoka kwenye kikapu, kisha akaja na maji ya baraka. Alipofika kwa Zambarau alisimama, akanusa, akauliza nani anaoka. Bibi naye akanusa. Akalitazama taji. Akatambua mikunjo. Midomo yake ikaanza kuhesabu watakatifu.

Kisha Babu akaja. Suti ya kahawia, kofia mkononi. Aliizunguka kabureta. Aliingia, akaketi, akafunga mlango. Akainamisha kichwa.

Akasubiri.

Akafungua, akafunga tena kwa nguvu zaidi. Nilitabasamu. Nilidhani anafurahia kile kimya.

Babu akashuka taratibu. Alikuwa amezeeka ndani ya dakika moja.

"Hili si gari langu," akasema.

Bibi akamshika mkono. Yeye ndiye aliyetusimulia, kwa sauti ya chini, magari yanasubiri nyuma yetu. Medali ile mama yake Babu alimvalisha siku alipoondoka Polandi. Siku moja kiwandani aliinama ndani ya mlango, uzi ukakatika, medali ikazama. Mstari wa kuunganishia magari hausimami kwa ajili ya medali. Mlango ukaenda zake. Alichokumbuka ni rangi tu. Basi miaka yote iliyofuata, kila alipoona gari la zambarau limeegeshwa, nje ya duka, nje ya hospitali, kwenye maziko ya watu, aliomba ruhusa afungue mlango na kuufunga. Watu walimwona ana wazimu. Mpaka siku moja, pale Barabara ya Joseph Campau, kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, alifunga mlango mmoja na ndani yake mama yake akamjibu. Alilinunua kabla hajatazama injini. Hakuitoa medali. Alisema humo imekaa salama kuliko kifuani kwake.

Lucjan alikuwa amekwisha nyoosha mkono kupokea ufunguo. Alikuwa anasema pole pole, Babu, labda uliuziwa lingine, ndiyo maana afadhali nilichukue mimi. Na Babu alikuwa anampa! Mkono ule ulikuwa unampa!

Ningeweza kunyamaza. Nina kipaji. Zambarau alikuwa nyuma yangu, injini imezimwa, hana la kusema.

"Nimeitoa mimi, Babu," nikasema. Uwanja mzima ulisikia. "Nilidhani ni takataka. Niliipeleka kwenye sanduku la kanisa."

Kisha nikasema mengine, sijui kwa lugha gani, pengine zote mbili. Kodiani ilitoka. Bati lilitoka. Bandeji pia.

Padri Wacław alijikuna shingo. Alisema sanduku alilimwaga jana, matawi na picha ameshachoma, lakini medali moja ilikuwa nzima, basi aliona ni ubadhirifu, akaichanganya na mpya kikapuni.

Tukawageukia madereva. Kila mtu akatoa yake. Mpya, mpya, mpya. Lucjan peke yake hakutoa. Alikuwa anatazama viatu. Mwishowe akaitoa mfukoni, akalalamika kwamba alijua tu kuna hila, wenzake wote wamepewa za kung'aa, yeye kapewa mtakatifu asiye na pua.

Babu aliipokea. Aliibusu. Tulifikiri ataivaa. Akaenda kwa Zambarau, akaiachia kwenye ufa wa kioo cha dirisha, ikazama ndani ya mlango. Akaingia. Akafunga mlango.

Tik.

Hakuna aliyepiga honi, ingawa foleni ilikuwa ndefu. Babu alikaa humo amefumba macho, na jua lilimwagika juu ya ile rangi mpaka ikaonekana kama gari lote linapumua.

Kadi ya gari ni yangu. Alisema mtu anayejua kusema "nimeitoa mimi" anaweza kuachiwa mlango. Masharti: bati linarudi kwa Bibi, boneti inarudi, kabureta ya zamani inarudi. Nimeapa mbele ya padri, mkono juu ya usukani. Lucjan kapewa kazi ya kunisaidia kuifunga. Bibi atasamehe ikifika Krismasi, baada ya nyimbo.

Jumatatu, 29 Julai

Nimerudisha kabureta kwa Orville. Aliniachia kodiani kwa shingo upande. Alikuwa ameanza kujifunza wimbo, maskini, na anaupiga vizuri kuliko mimi.

Jioni nimemtoa Zambarau peke yangu mpaka Woodward. Dirisha chini, kiwiko nje. Sauti yake ni ile ile ya mzee anayesafisha koo. Kwenye taa nyekundu mwanamume mmoja kando yangu aliuliza ni wa mwaka gani. Nikamjibu kwa mdomo wangu. Sabini! Anga lilikuwa na rangi ya gari, au gari lilikuwa na rangi ya anga, na kila kona mlangoni tik, tik, kama mtu anayenihesabia pumzi. Nilijisikia nimebadilika kabisa. Sitavunja kiapo kamwe.

Kiapo kilitaja kabureta, boneti na bati. Nimekipitia neno kwa neno.

Magurudumu hayakutajwa popote.

Orville ana jozi ya nyuma, mapana kama meza ya harusi. Hayaingii chini ya madigadi ya Zambarau hata kidogo, lakini hilo nitalifikiria yakishafika. Anataka kodiani. Iko chini ya kitanda changu, na Bibi akishakula mchana hulala usingizi mzito sana.